Soksi ya Mwisho ya Karabai

Baba yangu alikuwa fundi wa karabai Namatala, na wallahi mjini Mbale hakuna aliyeringa kama yeye. Wenye harusi, wenye maulidi, wenye matanga, wote walikuja kwetu kukodi taa. Alipenda kutueleza kwamba karabai za zamani zilikuwa za mawe: unayadondoshea maji, gesi inatoka, unaiwasha. Zake zilikuwa za pampu na mafuta ya taa, ila jina lilibaki lile lile.

Karabai haina utambi. Ina kifuko cha kitambaa, sisi tulikiita soksi. Ukiiwasha mara ya kwanza inageuka jivu, na jivu hilo ndilo linalong'aa. Kuanzia hapo ole wako uitikise taa, soksi inamomonyoka yote.

Serikali ilipoanguka, kaka yangu, aliyekuwa askari, alikimbilia Sudan. Kwa kuwa tulikuwa jamaa ya askari, karakana ya baba ilivunjwa, taa zikabebwa zote isipokuwa moja. Tukahamia Nalufenya, mtaa wa Jinja, kwa mjomba. Jinja, jamani! Huko ndiko umeme wa nchi unakotoka, nasi tunapapasa na kibatari. Soksi madukani hukupata hata ya dawa. Tulibaki na moja tu, mpya, na mama aliifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Hii ni ya siku mwanangu atakaporudi," alisema. "Nataka nimwone uso vizuri."

Niliolewa kwa kibatari. Sikununa sana, bwana harusi mwenyewe hakuwa wa kumulikwa. Lakini baba alipougua, hajiwezi tena, aliomba kitu kimoja.

"Mama watoto, niwashie karabai. Niisikie inavyovuma, mara moja tu."

Mama akalia. "Baba watoto, nikiiwasha leo, yeye nitamwashia nini?"

Nilimsihi, nikagombana naye mpaka majirani wakaja mlangoni. Hakukubali. Baba tulimzika wiki ile ile, na mimi nikaingiwa na kinyongo ambacho mpaka leo hakijanitoka.

Mambo yalipotulia, kaka akaja. Alifika magharibi, amekonda, anatusalimia kama mgeni. Mama hata hakumaliza kumkumbatia. Akachukua taa, akaifunga ile soksi, akapiga pampu mwenyewe. Ikashika. Sebule nzima ikawa nyeupe, nikaona mvi za kaka na kovu shingoni mwake.

Kaka akaruka, akajibana ukutani nyuma ya mlango.

"Mama, zima! Watatuona!"

"Nani, mwanangu? Vita vimekwisha."

"Zima, nakuomba!"

Mama akafungulia hewa ya tangi itoke, taa ikanywea. Hakuwa amepata hata nafasi ya kumtazama. Tukakaa gizani, tunamsikia kaka anavyohema. Hapo ndipo nilipomlilia baba kwa sauti, na mama hakuniuliza ninalia nini.