Baba Aliniambia Mimi Peke Yangu Kwamba Anafikiriwa Kupewa Ukamanda

Assalamu alaykum. Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne na ninaishi na baba huku Diani. Mama alifariki nikiwa darasa la nane. Mimi si mtu wa maneno mengi. Rafiki zangu wawili wa shule wamekwenda vyuoni, kwa hiyo siku nyingi huwa niko peke yangu nyumbani nikisubiri barua yangu ya chuo.

Baba ni afisa wa jeshi wa ngazi za juu. Cheo chake sitakitaja, mngemjua. Alipokuja likizo mara ya mwisho nilikuwa ninampigia pasi sare zake, naye akavuta kiti akakaa karibu nami, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema, "Kuna nafasi kubwa ya ukamanda iko wazi. Majina matatu yanafikiriwa, na langu limo. Nimekwambia wewe tu. Usimwambie mtu, hata bibi yako." Nikamwuliza kwa nini iwe siri. Akasema jeshini mtu haombi cheo, na afisa akionekana anajipigia debe, faili lake hufungwa hapohapo.

Nilifurahi mno. Si kwa ajili ya cheo, bali kwa sababu alinichagua mimi.

Baba akarudi kambini. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Msambweni kumwamkia bibi, mama yake baba. Nilimkuta ana huzuni. Aliniambia, "Mwanangu hata simu hapigi siku hizi. Labda nimeshakuwa mzigo." Nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Bibi, hajakusahau. Ana jambo kubwa, mwombee." Akanishika mkono, akaniuliza jambo gani, nami nikamwambia yote. Nikamsihi aombe kimyakimya, kwenye mswala wake.

Lakini bibi yangu hajui dua ya mtu mmoja. Kwake yeye dua ni watu kukusanyika. Alhamisi alasiri aliita wanawake wa chuo cha Kurani, akaalika maustadhi, na ami yangu, mdogo wake baba, akapika pilau. Nilipigiwa simu niende wakati sufuria ziko motoni tayari. Nilipofika bibi alikuwa anachekesha watu: "Huyu mwanangu alipokuwa mdogo hata mbuzi akiwaita hawamfuati. Leo ataamrisha jeshi zima." Wanawake wakapiga vigelegele. Nilitamani kusema nyamazeni, lakini nikaenda kugawa sahani. Kisha akaja mheshimiwa mmoja wa siasa ambaye sijui nani alimwita. Akasimama akasema, "Safari hii kiti hiki ni chetu sisi watu wa Pwani. Wasithubutu kutupita." Ami alikuwa anarekodi kwa simu. Akaituma video hiyo kwa jamaa, na kufikia Jumamosi hata muuza mboga wa hapa mtaani alikuwa ameiona.

Baba alipigiwa simu na afisa mwenzake, akaambiwa video imefika kwa wakubwa. Sijui kama ndiyo sababu ya kukosa nafasi ile, hakuna aliyemwambia wazi. Ila aliyeteuliwa ni mtu aliyeingia jeshini nyuma ya baba, na kwa desturi yao ukipitwa na mdogo wako kazini unaandika barua ya kustaafu. Baba ameandika.

Aliporudi alimwita ami nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Ami akasema, "Shikamoo, kaka." Baba hakuitikia. Akamwuliza, "Nani alikwambia?"

Ami alinitazama, mara moja tu, akageuza macho. "Nilisikia mjini, kaka."

"Mjini hakuna aliyejua. Siku ile ulipokuja kutengeneza pampu uliingia chumbani kwangu ukapekua karatasi zangu."

Ami angeweza kunitaja. Bibi alikuwa amekwisha kumwambia kwamba habari zilitoka kwangu. Badala yake akainamisha kichwa akasema, "Kama unaona hivyo, kaka, nisamehe."

"Mtu anayenipekua si ndugu yangu. Usikanyage tena hapa."

Nikaweka sinia mezani, nikaingia jikoni.

Sasa binti yake ami anaolewa Ijumaa ijayo. Yeye ni binti wa kwanza kuolewa katika kizazi chetu, na baba ndiye mkubwa wa ukoo. Amesema haendi. Ami amenitumia ujumbe mmoja tu: "Usijisumbue, mwanangu, mimi nimeshazoea ukali wake." Bibi naye ananipigia kila asubuhi: "Nyamaza, mjukuu wangu. Baba yako amebakiwa na wewe tu. Ukisema, atakosa wote."

Kinachonimaliza ni baba mwenyewe. Siku hizi anashinda nyumbani. Tunakula pamoja, watu wawili kwenye meza ya watu sita. Juzi alisimamisha kijiko akaniambia, "Afadhali wewe, mama. Wewe najua nikikwambia kitu kinabaki kwako." Nikaitikia, "Naam, baba."

Nikinyamaza, ami ataozesha binti yake bila kaka yake, kwa kosa ambalo ni langu. Nikisema, baba atakuwa hana mtu hata mmoja wa kumwamini, na mimi sitakuwa na baba. Sina mama wa kumwuliza, sina rafiki wa kumwambia. Mara tatu nimemwandikia baba ujumbe nikaufuta kabla haujafika nusu. Hapa kwenu ndipo mara ya kwanza nimeweza kuandika hadi mwisho.

Msinitukane, tafadhali. Nitasoma kila mtakachoandika. Nimwambie kabla ya Ijumaa, au ninyamaze? Mngekuwa nyinyi mngefanya nini?