Panya Waliopona

Kila Jumapili baada ya misa, yaya, yaani dada yangu mkubwa, aliniuliza hali ya panya kabla hajaniuliza ya watoto wangu.

"Bapanya beko namna gani, mudogo yangu?"

Nilimzoesha mwenyewe. Nafundisha biolojia hapa Lubumbashi, na maabara yetu haina hata friji inayostahimili kukatika kwa umeme, kwa hiyo kazi za wenzetu wa mbali nazisomea kwenye simu. Tangu dada yangu huyu mkubwa aote uvimbe kwenye titi, sikusoma kitu kingine. Nilimweleza kwamba kuna jeni zinazoamuru jeni nyingine ziwake au zizime, kama fundi wa kabine ya umeme anayeamua leo avenue ipi ikae gizani. Zikiharibika, seli za titi huzaana ovyo. Watafiti wamezima jeni moja ya namna hiyo ndani ya panya, na uvimbe ukanywea.

"Basi fundi ya kwangu iko mulevi," alisema, na tukacheka wote wawili kwenye baraza ya nyumba yake, mtaa wa Makomeno. Alikuwa amevaa blauzi pana, kuficha upande ulioanza kunuka.

Daktari alikuwa ametuma kipande cha uvimbe wake nje ya nchi, ijulikane ni wa aina gani na dawa ipi ingeufaa. Majibu hayakurudi. Nilipiga simu huko maabara mpaka wakaacha kupokea. Nikawachukia wao, nikamchukia daktari kwa upole wake, nikawachukia hata wale panya. Ndani ya panya, watafiti wanajua jeni ipi imewaka na ipi imezimwa. Ndani ya dada yangu hakuna aliyejua chochote, na uvimbe ulizidi kukua.

Jumapili moja shangazi yetu alifika kutoka Pweto na samaki wakavu. Harufu ya samaki hao ilimtapisha yaya, bukari, ugali wetu, ikapoa mezani bila mtu kuigusa. Alipotulia, akanigeukia.

"Ile panya yenye inapona, kisha banaifanya nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimechoka mno.

"Banaiua, Yaya. Banaipasua, baone ndani."

"Ata yenye inapona?"

"Ata yenye inapona. Ni vile banajuaka."

Alitazama mlangoni. Tangu siku ile hakuniuliza tena habari za panya, aliniuliza za watoto tu.

Tulimzika mvua za kwanza zilipoanza. Kina mama wa parokia waliimba vizuri, nami nikawakasirikia kwa kuimba vizuri. Majibu ya kipimo hayajafika hadi leo. Bado nasoma zile makala, sijui kwa nini. Yaya alikwenda na uvimbe wake mzima, na hakuna aliyeangalia ndani.