Nyumba ya Brigita Kando ya Lami

Korona ilipofunga mipaka, watalii waliacha kupanda kreta kutazama wanyama na mji wa Karatu ukaishiwa pumzi. Hoteli zilifungwa. Viwanja vya kando ya lami vikauzwa kwa bei ya kutupa, na matajiri wa kutoka mbali wakavizoa.

Brigita, mjane wa Kiiraqw, alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha kwa jasho la kulima vitunguu. Wapangaji wake walikuwa watu wa hotelini, na wote walikosa kazi. Nanyori, aliyekuwa akifua mashuka, alifunga mizigo arudi kwao Endulen, kwa wafugaji wa ndani ya hifadhi.

"Utakula nini huko, na kulima kumezuiwa?" Brigita alimuuliza. "Kaa. Shamba la nyuma lina majani mengi kuliko mahindi."

"Mama, mimi jembe sijawahi kulishika."

"Mahindi yatatuambia."

Nanyori alipalilia, akang'oa maharage pamoja na magugu. Brigita alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamfundisha upya. Kodi hakumdai.

Dalali Martini hakukauka pale uani. "Shangazi, wageni ndiyo basi tena. Uza."

Hata Hilary, mwanawe wa pekee, alipiga simu kutoka Arusha kumsihi auze.

"Nikiuza, hawa watalala wapi?" alimjibu. "Nyumba hii Mungu hakunipa nilale peke yangu."

Wageni walirudi. Hoteli mpya zikaota kando ya lami, na majirani waliouza wakaishia kupanga huko juu mlimani, kusiko na maji wala umeme. Endulen palibaki vilevile, kulima marufuku. Mjini kodi ilipanda. Ya Brigita haikusogea, na Nanyori akaenda tena kazini kwa miguu, kutoka chumba kilekile.

Kwaresima iliyopita, akiwa mgonjwa kitandani, Brigita alimwita Hilary.

"Baba yako yuko nyuma, migombani. Mimi mnizike mbele, pale getini."

"Mama, kaburi barabarani? Watu watatushangaa."

"Washangae. Tajiri gani atajenga hoteli yenye kaburi mlangoni?"

Kumbe Hilary alikuwa na mnunuzi tayari.

Bwana alimwita Brigita kabla ya Jumapili ya Matawi. Wazee wa ukoo walitaka alale ubavuni mwa mumewe, kama ilivyo desturi. Hilary aliwasikiliza kwa heshima mpaka wakamaliza. Kisha akachukua sururu, akaenda getini, akaanza kuchimba. Wapangaji wakavua makoti, wakampokea sururu.