Sekunde ya Kumi na Moja

Pale ofisini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Rula, na yeye hakuona ubaya, maana alikuwa mwanamke aliyenyooka kwelikweli na hakuwa na haja ya kulificha hilo. Kalamu ya ofisi hakuwahi kuondoka nayo hata kwa kusahau. Kama muda wa chakula ni saa saba, basi saa saba kasoro dakika moja bado ulimkuta ameinamia karatasi zake. Wenzake walimcheka chinichini, lakini kila walipotaka jambo lithibitishwe bila longolongo, walimpelekea yeye.

Idara yao ilikuwa na kazi ya kuwazuia wafanyabiashara wakubwa wasiwameze wadogo. Na mkubwa wa wakubwa ilikuwa kampuni moja ya programu za kompyuta, ambayo watengeneza programu wadogo waliibatiza jina la Mwenye Mji. Ukinunua kompyuta, mfumo unaoiendesha ni wake. Ukitaka kufungua kurasa za mtandao, programu ya kufungulia imeshawekwa humo, nayo ni yake. Ukitaka kuiondoa uweke nyingine, utazunguka mpaka uchoke mwenyewe uache. Wadogo walilia miaka mingi, mpaka jopo la idara likaitia kampuni hatiani kwa kuhodhi soko. Amri iliyotolewa ilieleweka hata kwa mtoto: kwa miaka mitatu, kila kompyuta mpya ikiwashwa mara ya kwanza, kabla ya jambo lolote, ionyeshe ukurasa wa kuchagua. Humo ziwepo programu tano za kufungulia mtandao, ya Mwenye Mji ikiwa moja tu kati ya hizo, na mtu achague aitakayo.

Programu ya tatu kwenye orodha ilikuwa ya mdogo wake Bi Rula.

Huyu mdogo wake alikuwa mwalimu wa hesabu. Aliianza ile programu kwa ajili ya mama yao, ambaye macho yalikuwa yakimwishia na bado alitaka kusoma habari zake kila asubuhi. Maandishi yake yalikuwa makubwa, na ukitaka kupumzisha macho, yenyewe ilikusomea kwa sauti, taratibu, kama mtu aliyekaa pembeni yako. Amri ilipotoka, mwalimu aliacha chaki, akapanga chumba cha ofisi, akawachukua wenzake wawili. Alijua watu wenye wazazi kama wake ni wengi. Walichohitaji ni kuliona jina tu.

Kazi ya kukagua kama Mwenye Mji anatii amri ilimwangukia Bi Rula. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwandikia mkuu wa idara barua: mwenye programu ya tatu ni ndugu yangu wa tumbo moja, na ninaahidi sitaruhusu udugu uniyumbishe. Mkuu alitabasamu, akaiweka barua kwenye jalada. Jambo la pili aliloliwaza siku nyingi lilikuwa utaratibu wa ukaguzi. Aliogopa mtu asije akasema mashine zilichezewa, au leo imetumika hii na kesho ile. Kwa hiyo akapendekeza itumike kompyuta moja tu, ileile kwa miaka yote mitatu, iletwe na kampuni ikiwa mpya kabisa, ifungiwe kabatini, mlango wa kabati ubandikwe utepe wenye sahihi yake, na mkaguzi asikanyage ofisi ya mshindani yeyote. Wakili wa Mwenye Mji alikubali kabla chai yake haijapoa. Wiki iliyofuata kampuni ikaandika barua ya kumsifu mkaguzi kwa umakini wake wa kupigiwa mfano. Kilikuwa kilemba cha ukoka kile, lakini Bi Rula alikivaa. Ile barua aliitunza kwenye droo, na baadhi ya siku aliitoa akaisoma.

Basi kila Jumatatu saa tatu asubuhi alikata utepe, akaitoa mashine, akairudisha kwenye hali ya upya, akaiwasha, akatazama saa yake ya mkononi. Sekunde ya kumi na moja, ukurasa wa kuchagua huo hapo. Akaandika kumi na moja, akatia sahihi, akafungia, akabandika utepe mpya. Wezi wote wa nje aliwazuia, na huo utepe aliubandika kwa moyo safi.

Kwa mdogo wake mambo hayakwenda. Miezi ikapita, waliochagua programu yake ukawahesabu kwa vidole. Jumapili moja walikutana kwa mama yao, akamwambia:

"Dada, huo ukurasa haupo."

"Upo. Nauona kila Jumatatu."

"Unauona kwenye mashine yako. Mimi nimekwenda kwa watu watano walionunua kompyuta mpya. Hakuna hata mmoja aliyeuona."

"Labda waliupita haraka. Watu hawasomi siku hizi."

"Wote watano?"

"Mdogo wangu, kukosa watumiaji si aibu. Aibu ni kutafuta mchawi. Labda kitu chako watu hawakipendi, basi."

Maneno hayo yalimtoka kwa upole, na ndiyo maana yaliuma zaidi. Mdogo wake akasema, "Njoo ofisini kwangu kesho. Nanunua moja mpya, naiwasha mbele ya macho yako."

"Siruhusiwi kuingia kwa mshindani. Unajua kanuni."

Mama yao, ambaye alikuwa amekaa akisikiliza, aliuliza, "Kwani mwenzio ana sababu gani ya kukudanganya?"

"Mama, hii ni kazi," alisema Bi Rula.

Mdogo wake alipeleka malalamiko rasmi. Jibu lilirudi likiwa na nakala za karatasi sabini na nne, kila moja na kumi na moja yake, kila moja na sahihi anayoijua tangu utoto, kwa sababu dada ndiye aliyemfundisha kushika kalamu. Hakubishana tena. Aliwaaga wenzake wawili, akafunga ofisi, akaenda kutengeneza mashine za kuchapisha kwenye duka la mtu. Jumapili akawa anakwenda kwa mama asubuhi, ili dada akija mchana asimkute. Kitu kimoja tu hakukifunga: anwani ya programu yake kwenye mtandao. Alimwambia mama yao kwamba ataiacha wazi mpaka amri iishe; bado ina zaidi ya mwaka, na mwaka si haba.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu amri iishe, siku binti yake Bi Rula aliponunuliwa kompyuta ya kwenda nayo chuoni. Waliifungulia sebuleni, maboksi chini, binti anacheka. Alipobonyeza kitufe cha kuwasha, mama mtu, kwa mazoea tu, akainua mkono akatazama saa. Sekunde ya kumi na moja ikapita. Akadhani saa imekosea. Ishirini ikapita. Mashine ikamwuliza binti jina lake, ikamwuliza rangi anayoipenda, na tayari ile programu ya Mwenye Mji imekaa pale chini kama mwenye nyumba.

"Mama, unahesabu nini?"

Alihesabu mpaka mia mbili.

Kesho yake alikwenda dukani walikoinunua, akamwomba muuzaji awashe mpya nyingine, na nyingine tena. Muuzaji aliwasha tatu. Hakukuwa na ukurasa.

"Mama, mimi nauza hapa mwaka wa nne," alisema muuzaji. "Huo ukurasa unaousema sijawahi kuuona."

"Utakuja kulisema hilo mbele ya jopo?"

"Mzigo naletewa na kampuni hiyohiyo. Mimi hapa natafuta riziki."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Cha Bi Rula kilikuwa kabatini mwake, na yeye ndiye aliyekuwa akikifungia kisitoroke. Mashine ile iliandaliwa kwa ajili ya macho yake peke yake. Alisimama nje ya duka na hasira zake, na hazikuwa za kampuni. Kampuni ilifanya kama zinavyofanya kampuni. Aliyemchukia saa ile ni yule mwanamke wa Jumapili aliyesema watu hawasomi siku hizi.

Mkuu wa idara alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Bi Rula, unajua unachokisema? Unasema karatasi zako mia moja hamsini na mbili ni za uongo."

"Karatasi ni za kweli. Mashine ndiyo ya uongo."

Mkuu aliitaarifu kampuni, kama kanuni inavyotaka, na jopo likapangiwa kukaa wiki ya mwisho. Likiridhika kwamba amri ilivunjwa, itaongezwa miaka mitatu mingine. Bi Rula alimpigia mdogo wake simu, mara ya kwanza baada ya mwaka na zaidi.

"Ulikuwa unasema kweli," alimwambia. "Haupo."

Mdogo wake akasema, "Nitakuja siku hiyo. Nikipata ruhusa kazini."

Siku ya jopo, wakili wa Mwenye Mji alikuja na bunda la karatasi, akamwonyesha Bi Rula moja baada ya nyingine.

"Shahidi, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Na hii ya Jumatatu iliyopita? Umeshagundua ulichogundua, na bado umeandika kumi na moja?"

"Mashine ile ilionyesha kumi na moja."

"Nani aliyependekeza itumike mashine moja?"

"Mimi."

"Kampuni ilikushurutisha?"

"Hapana. Ilikubali."

Wakili akaomba kompyuta ya binti irudishwe kwenye hali ya upya, pale pale, mbele ya wote. Ikaunganishwa na mtandao, ikawashwa. Bi Rula alitazama saa yake. Sekunde ya kumi na moja, ukurasa wa kuchagua huo hapo, na programu tano zimejipanga.

"Hitilafu ndogo, waheshimiwa," alisema wakili. "Ilizikumba baadhi ya kompyuta. Tulipoarifiwa tukairekebisha kupitia mtandao siku ileile." Kisha akamgeukia shahidi kwa sauti ya kumwonea huruma. "Mlalamikaji ni nani kwako?"

"Ni mdogo wangu."

Wakili akasoma barua ya miaka mitatu nyuma, polepole, neno kwa neno, mpaka pale penye udugu na kuyumbishwa. "Kwa miaka mitatu udugu haukukuyumbisha. Wiki tatu za mwisho kimetokea nini?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona kitu ambacho sisi wote hapa hatukioni. Damu nzito kuliko maji, waheshimiwa. Mimi simlaumu."

Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu ulikata kuelekea mbele tu, na mbele alikuwa amesimama Bi Rula. Ijumaa jopo likatoa uamuzi: kampuni imetimiza wajibu wake, kama zinavyothibitisha karatasi za mkaguzi mia moja hamsini na tano zilizojazwa kwa umakini wa kupigiwa mfano. Hata maneno waliyaazima kwa Mwenye Mji.

Mdogo wake alikuwa kwenye korido, mikono ina wino wa mashine za watu. Bi Rula alimwendea.

"Nisamehe."

"Miaka mitatu, dada. Ungekuja siku moja tu, nikuwashie moja."

"Kanuni ilikuwa..."

"Najua. Uliiandika wewe." Alisema bila hasira, na Bi Rula angependa sana ingekuwepo hasira. "Ngoja niwahi kazini. Nimepewa saa mbili tu."

Amri iliisha muda wake Jumapili. Jumatatu saa tatu asubuhi akaja kijana wa usafirishaji, katumwa na kampuni kuichukua mashine yao. Alikuwa na fomu ya makabidhiano. Bi Rula akakata utepe, akaitoa mashine, akaiweka mezani. Kijana alidhani anaikagua kabla ya kuikabidhi, akakaa kusubiri.

Aliirudisha kwenye hali ya upya, akaiwasha. Saa hakuitazama. Ukurasa ukaja, mzuri, hauna kasoro, na wa tatu kwenye orodha ni mdogo wake. Hapo ndipo alipogundua kwamba kwa Jumatatu zote hizo hakuwahi kubonyeza. Kazi yake ilikuwa kuhesabu sekunde. Kubonyeza hakukuandikwa kwenye utaratibu. Akasogeza kidole juu ya jina lile akabonyeza.

Mashine ilifikiri kidogo. Kisha ukaja ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: anwani hii haipo tena.

Alikaa akautazama, mpaka kijana akakohoa.

"Kipo salama, mama? Hapo kwenye hali ya kifaa wanataka uandike."

"Ni kizima," alisema Bi Rula. Akaandika hivyo kwa mwandiko wake ulionyooka, akatia sahihi.