Kahawa Ambayo Hatukuila

Wiki iliyopita shemeji yangu aliniletea kutoka Kaagya, kijiji nilikokulia, kifurushi cha kahawa ya kutafuna, kimefungwa kwa majani makavu ya mgomba kama zamani. Nilipokifungua jikoni kwangu hapa Buhembe, harufu ilinifikia kabla sijaona kitu: majani ya porini yaliyochemshwa pamoja nayo, moshi kidogo, na ule uchungu unaobana taya hata kabla hujaweka punje mdomoni. Nikakaa sakafuni. Mtu mzima, mwenye watoto wanaonizidi urefu, nimekaa na kahawa mapajani, nalia. Naomba nikueleze, maana mume wangu nilimwambia ni vitunguu.

Nililelewa na babu, mzaa baba. Baba mwenyewe nilimjua kwa picha. Alikuwa mwalimu wa shule kule karibu na mto, na aliuawa na kombora wakati wa vita vya mpakani, mimi nikiwa bado nanyonya. Katika habari zote za nyumbani kwetu, niliyoisikia mara nyingi zaidi ni ya mzinga ule. Watu waliuona ng'ambo kwa siku kadhaa, umeelekezwa upande wao, wakaambiana, "Wanatutisha tu hao." Baba akaendelea kufundisha. Siku ulipopigwa alikuwa anasahihisha madaftari.

Babu alikuwa mzee wa kanisa na ndiye mpiga kengele. Nasema kengele kwa heshima tu. Ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mti, naye aliigonga kwa chuma mpaka ng'ombe wakaacha kula. Sauti ilifika hadi kwa Wakatoliki upande wa pili wa bonde, na babu alihakikisha inafika. Alisema mtu akizikwa bila kengele, mbinguni hawajui kama ameshatoka.

Na alikuwepo Mchungaji Rwiza. Huyu alikuwa amesoma Ulaya miaka mingi, akafundisha wachungaji wengine, kisha akastaafu kwao Muleba. Picha yake ilikuwa ukutani kwetu, karibu na ya Bwana Yesu, na sikumbuki vizuri ni ipi iliyokuwa juu. Vijana wa kipaimara tulikariri kijitabu chake cha maswali na majibu. Kwa mama yangu, likisemwa jambo lolote gumu, neno la mwisho lilikuwa, "Mchungaji Rwiza anasemaje?"

Lakini babu alimwita kwa jina jingine. Alimwita *munywani*, rafiki wa damu, kwa sababu walipokuwa vijana walifanya *omukago*. Unajua tunda la kahawa lina punje mbili, zimelaliana tumbo kwa tumbo. Wanaofanya undugu huo huchanjwa, kila mmoja hupaka punje damu yake, na mwenzake huila. Tangu hapo mmekuwa ndugu, na atakayemsaliti mwenziwe tumbo litamvimba mpaka afe. Kanisa lilikataza mambo hayo, na Mchungaji hakuyataja madhabahuni hata siku moja. Kijiji kizima kilijua, kikanyamaza kwa adabu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili Mchungaji alipokuja kuhubiri siku ya mavuno. Alikuwa ametoka kwenye mkutano wa mambo ya amani huko nje, na aliamua kutuelezea kuhusu yale mabomu makubwa, moja tu likitosha kufuta mji kama Bukoba pamoja na vijiji vyote vya kandokando. Sisi watoto tuliokaa mbele tuliacha hata kupigana viwiko. Kisha akasema jambo ambalo alikuwa ameshaliandika kwenye kijitabu chake, ila sisi tulikuwa bado hatujafika ukurasa ule. Kulitumia bomu hilo ni dhambi, alisema. Lakini taifa linalomcha Mungu likilishika ili kumtisha adui, halina dhambi, kwa sababu hofu ni mbwa anayelinda mlango wa amani.

Babu akasimama. Akavaa kofia yake mle mle kanisani, jambo ambalo sijawahi kuona mwanamume akilifanya, akatoka nje katikati ya mahubiri. Jumapili iliyofuata alipiga kengele kama kawaida, ila wakati wa Meza ya Bwana alibaki kwenye benchi. Na iliyofuata. Mchungaji wa usharika alimwita, wazee wenzake wakamwita. Jibu lilikuwa lile lile: "Waliomuua mwanangu nao walikuwa wanatisha tu. Rwiza akisema ni dhambi, nitakuja mezani."

Mwisho wakamwondoa kwenye uzee wa kanisa na kwenye kengele, wakamtenga. Na aliyetengwa akifa hazikwi na kanisa. Hakuna mchungaji, hakuna nyimbo, hakuna kengele.

Kama babu angekuwa mzima, labda tungesema muda upo. Lakini miguu ilikuwa imeanza kujaa maji, na kila tulipombadilishia mto tuliona amepungua. Mama alichanganyikiwa. Alipika hakula, alilia akimenya ndizi, aliongea peke yake kwenye migomba. "Mae waitu," alikuwa akilalama, "mzee huyu azikwe kama mbwa?" Ndipo akamtumia Mchungaji ujumbe Muleba: njoo, munywani wako anakufa nje ya kanisa.

Alikuja mchana, kwa gari la dayosisi. Kwetu mgeni hapewi kwanza maji, hupewa kahawa ya kutafuna, na mtoto wa kike ndiye anayeipeleka, akiwa amepiga magoti. Kwa hiyo mimi nilikuwa pale, magoti yangu kwenye nyasi zilizotandikwa, kikapu mkononi, nikisikia kila kitu.

"Munywani wange," Mchungaji alisema, na nilishangaa kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Sikusema bomu ni jema. Nilisema dunia ni mbovu, na mwovu haachi uovu kwa kuombwa. Huacha kwa kuogopa."

"Sema ni dhambi kulishika," babu akamjibu kutoka kitandani. "Neno moja tu. Nipe mkate leo hii nikapumzike."

"Siwezi kusema nisichokiamini. Hata kwako."

Babu akageukia ukuta. Niliona mgongo wake, mifupa imejipanga chini ya shati, na nilishikwa na hofu ambayo sijui niiite nini. Nilijua tu kwamba Mchungaji akiondoka, yamekwisha. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Babu Mchungaji, mlipokula kahawa na babu, mliogopana?"

Mama alishtuka nyuma ya mlango. Lakini Mchungaji akatabasamu, tena kwa furaha, kama mwalimu aliyeletewa mfano mzuri.

"Tuliogopa sana, mjukuu wangu. Ukimsaliti mwenzako tumbo linavimba. Umeona? Miaka yote hii hofu hiyo imetulinda."

"Linamvimba aliyekula?"

"Aliyekula, ndiyo."

"Baba hakula," nikasema. "Hakula kahawa na mtu yeyote kule ng'ambo. Na hao wenye mabomu makubwa wakisalitiana, mimi sijala. Mama hajala. Kwa nini tumbo livimbe kwetu?"

Mchungaji alikuwa ameshachukua tunda moja la kahawa kikapuni. Hakulitafuna. Kwetu kuirudisha kahawa ni kumtukana mwenye nyumba, na yeye hakuirudisha; aliitia mfukoni mwa koti. Akanitazama kwa muda, macho yake mekundu, kisha akaniwekea mkono kichwani.

"Wewe bado mtoto," akasema. "Ukikua utaelewa."

Akaondoka. Babu alifariki siku tisa baadaye. Mama alikwenda kwa mchungaji wa usharika akapiga magoti uani kwake mpaka kanga ikachafuka matope, na akarudi bila kitu. Tulimzika kwenye kibanja chetu, kati ya migomba, watu wachache, rimu ikiwa kimya kwenye mti wake. Mimi nilisikiliza muda wote. Nilifikiri labda mtu ataigonga kwa kusahau.

Mchungaji Rwiza alikuja. Hakuvaa kola. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, na lubugo, ile nguo yetu ya gome la mti, ikiwa kwapani, akafanya anachopaswa kufanya munywani: aliingia kaburini na viatu vyake vya Ulaya, akampokea babu mikononi, akamlaza, akamfunika. Alilia waziwazi. Nami nilisimama ukingoni nikisubiri aseme lile neno moja, hata kama babu halisikii tena. Hakusema. Walimvuta juu kwa mikono, akakung'uta udongo, akaenda zake. Nilimchukia siku ile kuliko walioupiga mzinga.

Mwaka uliofuata nikapata kipaimara. Swali la mabomu lilinidondokea mimi, mbele ya kanisa zima. Nilitaka kukataa. Nikamwona mama, amekaa benchi la tatu, macho yananiomba. Alikuwa amekwisha kumzika mmoja bila kengele. Nikajibu kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, na mtahini akasema vizuri sana. Kijitabu hicho hakikubadilishwa hadi Mchungaji mwenyewe alipofariki, na yeye kengele alipigiwa, Muleba nzima ikasikia.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimshinda. Niliwasimulia watoto wangu namna mtoto wa Kaagya alivyomnyamazisha msomi wa Ulaya. Kumbe sikuwa nimeelewa kitu.

Siku hizi habari zinatufuata mpaka kwenye simu. Wakubwa wa dunia wameanza tena kutajiana mabomu yao, huyu akisema analo, yule akisema lake ni kubwa zaidi. Jumapili iliyopita nilibaki kanisani baada ya ibada ili niombe. Mjukuu wa kwanza yuko njiani, na nilimwomba Mungu kwa moyo wote, machozi yakinitoka. Nilikuwa nimeshasema amina nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimesema, "Bwana, wafanye waendelee kuogopana."

Hiyo ni sala ya Rwiza. Sasa najua kwamba mzee yule hakuwa na kiburi. Alikaa Ulaya jirani na mabomu yale, akaogopa, na hofu haikumtoka tena. Akaitafutia maandiko ili apate usingizi. Nimekua, Mchungaji. Nimeelewa, na ningetoa chochote nisielewe. Babu hakuahidi kwamba akilikataa bomu litaondoka. Alitaka tu asilibariki, na kwa hilo alikubali kuzikwa kimya.

Jumamosi nakwenda Kaagya kupalilia kaburi lake. Kila mwaka nikimaliza huligonga jembe kwa jiwe, mara tatu, kwa nguvu, ili huko juu wajue ameshatoka. Kahawa nimeifunga tena nimpelekee. Jembe sijui kama mwaka huu nitathubutu kuligonga, mimi niliyeiomba sala ya Rwiza.