Wakaguzi Waliokuja Kunusa

Kamati nyingine hukaa mezani. Yetu ilikuwa ya kunusa. Jioni, nikishafunika cherehani yangu, nilizunguka uzio wa mabwawa ya majitaka pamoja na mwenyekiti wetu, mzee mstaafu wa reli, tukivuta pumzi kama watu wanaoonja mboga. Yeye anasema kali, mimi nasema kali sana, tunabishana, kisha tunapeleka jibu kwa mtendaji wa mtaa. Ndiyo kazi tuliyopewa mabwawa yalipoanza kupanuliwa: kuangalia kama mkandarasi anafanya aliyoahidi. Na ahadi kubwa ilikuwa moja, kufunika bwawa la kwanza, lile linalopokea uchafu wa mji ukiwa bado mbichi.

Nimechoka kuisimulia harufu ile. Mchana upepo wa ziwani unapita kwanza juu ya mabwawa ndipo unatufikia sisi. Wateja waliniambia gauni jipya linanuka kabla halijavaliwa. Hayo niliyavumilia. Lililonishinda ni mama yangu kuacha kula.

Nilikuwa nimemleta kutoka Sengerema, ng'ambo ya ziwa, baada ya kuugua miguu, nikamwambia utazeekea kwangu. Mwanzoni alikula vizuri. Baadaye akawa anashika tonge, anatazama dirishani, analirudisha sahanini.

"Mwanangu, mnifunikie hilo dude lenu, au unirudishe kwetu," alisema.

Hakunikasirikia. Alikuwa amechoka tu, kama mimi.

Kisha tukasikia kwamba mkandarasi anataka kifuniko kiondolewe kwenye mpango, eti wananchi wameshazoea. Kamati ikapiga kelele mpaka wakubwa wa mradi wakakubali kutuma wakaguzi waje wanuse wenyewe na wawasikie wakazi. Tukaamua waje kwangu, maana nyumba yangu ndiyo ya kwanza kutoka uzioni, na mama ndiye angesema. Nani angembishia bibi aliyekonda vile?

Siku yenyewe nilitoka sokoni Mirongo kununua uzi, nikakuta moshi umejaa uani. Mama alikuwa amewaita wanawake wa kamati wote. Mmoja anakaanga sato, mwingine anasonga ugali, sufuria kubwa ya mchaichai inachemka mlangoni, na ua umedekiwa kwa sabuni yenye harufu ya limau. Mwenyekiti mzima amekaa kwenye kigoda anamenya vitunguu.

"Mama, mnafanya nini? Hawa watu wanakuja kunusa!"

"Wanakuja kwangu," alisema. "Nimkaribishe mgeni na kinyesi cha mji?"

"Ndicho walichokifuata, mama!"

"Usinipigie kelele. Wakishakula nitawaambia yote."

Nilimtazama mwenyekiti anisaidie, naye akaangalia vitunguu vyake. Kwetu maneno mazito hayatangulii chakula, na mzee yule alilijua hilo kuliko kanuni za kamati. Nilikasirika. Lakini ukweli ni kwamba hata mimi, pamoja na uzi, nilikuwa nimenunua soda za wageni.

Wakaguzi walifika wawili, mwanamume na mwanamke, wakavuta pumzi, wakatazamana. Hewa ilinukia samaki na mchaichai.

"Shikamoo bibi," yule mwanamke alisema.

"Marahaba wanangu. Karibuni, karibuni sana."

"Mnaishije hapa, bibi?"

"Hatujambo, tunaendelea vizuri tu. Kaeni, chakula kiko tayari."

"Na harufu haiwasumbui?"

"Kaeni kwanza mle, mwanangu. Mengine baadaye."

Nikadakia, nikasema inasumbua, inasumbua mno. Yule mwanamume akanitazama kana kwamba mimi ni mchuuzi anayelazimisha bei, halafu akamgeukia mama na kutabasamu. Simu yake ikaita. Walikuwa wanasubiriwa kwenye kikao mjini Nyamagana. Wakaomba radhi, wakaondoka bila hata kunawa mikono. Mama alibaki amesimama na jagi la maji.

"Hawajala," alisema. "Mbona hawajala?"

Jibu lililorudi kwa mtendaji ni kwamba bibi anayeishi karibu kabisa na mabwawa hana malalamiko. Nilipomweleza mama hakujitetea. Alikunja vitenge vyake, akaomba nimrudishe. Nikavuka naye hadi Sengerema. Jioni ileile alikula michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, akaongeza, akaongeza tena, nami nikakaa namwangalia huku machozi yakinilenga, kwa furaha na kwa wivu.

Kamati ilidai ukaguzi mwingine. Sina nguvu ya kueleza tulivyozungushwa, njoo kesho, bosi hayupo, faili liko kwa fulani. Hatimaye wakaja tena walewale. Safari hii hatukuwasha moto wala kufagia. Niliwapokea nimesimama mlangoni, sikutoa kiti, sikutoa maji, na upepo wa ziwani ukafanya kazi yake. Yule mwanamke akajiziba pua kwa mtandio. Mwanamume aliomba tukazungumzie ndani ya gari, na humo humo, vioo vikiwa vimepandishwa, akasema kifuniko lazima kijengwe. Mwenyekiti akanipa mkono. Tulikuwa tumeshinda, nami niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, kumwacha mtu aondoke kwangu na koo kavu.

Nilimpigia mama simu.

"Wamekubali," nikamwambia. "Watalifunika."

Akamshukuru Mungu. Kisha akauliza, "Safari hii walikula?"

Nilitazama jiko. Lilikuwa na majivu ya jana.

"Walikula, mama. Wali na sato. Wakaongeza."

"Si unaona?" alisema, na nikamsikia akicheka, mara ya kwanza tangu aondoke. "Siku ile walikuwa na njaa tu."