Kitenge Kwenye Ukuta wa Kliniki

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Shinyanga mjini, Fundi Mkuu hakunipa brashi. Alinipa msasa na ukuta wa duka la pembejeo, akasema nisugue mpaka rangi ya zamani iishe. Uchoraji wa kuta ulianzia hapo: msasa, rangi ya msingi, kisha viboksi, yaani miraba ya penseli inayokuza picha ya karatasi iwe ya ukutani. Nyinyi mnaochapisha mabango kwa mashine mtaniwia radhi.

Baadaye alinipeleka Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu. Kwenye ukuta wa nje wa baa moja kulikuwa na picha ya mwanamke anaoga, hana hata uzi mwilini. Wachimbaji walimfurahia, lakini njia ya kwenda mashine ya kusaga ilipita hapo hapo, na kina mama walichoka kuwaziba watoto macho. Mtendaji wa kata akaamuru avishwe. Nikamvisha kitenge cha maua, na Fundi Mkuu akanisifu. "Wanapopita wote," aliniambia, "unachora kwa ajili ya wote." Nikaishika kauli hiyo.

Aliyemchora yule mwanamke alikuwa Kulwa, fundi mwenzangu, na sifichi kwamba nilimwonea wivu. Watu wangu walikaa ukutani kama mabango. Wa kwake walipumua. Ile ngozi niliyoifunika iliniuma roho kwa uzuri wake.

Kazi iliyofuata ilikuwa kituo kimoja cha afya, Buseresere. Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, alitaka mama anayenyonyesha, mahali wanaposubiri wagonjwa. Nilimpa uso wa mke wangu, Mama Neema, kwa kuwa ndio uso nilioweza kuuchora vizuri. Kisha nikawafikiria wanaume watakaokaa pale na vijana wa bodaboda wanaoleta wagonjwa. Nikamfunika kitenge kuanzia mabegani, mtoto akabaki kisogo tu.

Muuguzi wa kliniki aliutazama ukuta kwa muda.

"Fundi, huyu mtoto ananyonya nguo," alisema. "Mimi nataka wazazi wa mara ya kwanza waone chuchu inavyoingia mdomoni. Sokoni wananyonyesha mchana kweupe, nani anashtuka?"

Nilimjibu kwamba sokoni mtu anapita, ukutani picha inabaki. Ule uso ni wa nani sikumwambia. Nilikataa kuondoa kitenge, basi Mganga Mfawidhi akamwita Kulwa.

Kulwa aliuacha uso niliouchora mimi kama ulivyo. Alikwangua kitenge, akachora titi, na mdomo wa mtoto ulioachama sawasawa. Wivu wangu ukawa wa aina mbili, nami sikujua upi unauma zaidi: Kulwa kunishinda kazi, au Kulwa kukaa juu ya ngazi asubuhi nzima akimkadiria mke wangu kifua. Wanawake walisimama wakatazama, wakarekebisha walivyowapakata watoto wao. Hakuna aliyemziba mtu macho.

Sasa nimestaafu. Bado nasema si kila picha ni ya kila jicho. Yule wa baa aliwekwa kwa ajili ya walevi, huyu wa kliniki kwa ajili ya watoto, na tofauti hiyo naijua vizuri. Kuijua hakujaniponya. Nikisikia watu wanasema "picha ya Kulwa," chakula hakishuki.

Miaka yote hiyo sikumwambia mke wangu habari za ukuta ule. Lakini binti yetu Neema ameolewa Buseresere, amejifungua juzijuzi, na tukampeleka mjukuu kliniki. Mama Neema alisimama mbele ya ukuta, akajiona. Ikabidi nimweleze yote, pamoja na jina la Kulwa. Nilitegemea akasirike, akasirike pamoja nami.

"Sura ni yangu," alisema. "Hilo titi si langu."

Nilifurahi mno, nikamwambia ni kweli, Kulwa alibuni tu.

Akamhamishia mjukuu kwenye bega la pili.

"Wewe usingehitaji kubuni, Baba Neema. Mbona ulimwachia?"